Bird of Paradise: kinachochosha ndicho kinachoudhi

Filamu hii ya mwaka 1932, iliyoongozwa na King Vidor, inaanza vizuri. Stelingi wake, Mmarekani aitwaye Johnny, ananaswa mguu na kamba ya kuvulia papa na kuburutwa baharini. Anayepiga mbizi na kumwokoa ni Luana, binti wa kisiwa cha Pasifiki. Baada ya ujasiri huo, filamu inamgeuza kafara wa Pele, mungu wa volkano, nasi tunabaki kusubiri siku yake ifike.

Filamu hii hulaumiwa kwa kuwadhalilisha wenyeji wa visiwa, lakini wanaoitetea wana hoja. Sehemu yake ilipigwa Hawaii na mandhari yake yanavutia hadi leo. Muziki wa Max Steiner unaandamana na picha karibu mwanzo hadi mwisho, wakati filamu za sauti zilikuwa bado changa. Dolores del Río, nyota wa Mexico, anampa Luana uhai ambao waandishi hawakumpa. Tena mwishoni Luana anakwenda volkanoni kwa hiari, akiamini atamponya Johnny. Hoja hii ya mwisho naikubali nusu: anaamua, lakini baada ya kufungiwa milango mingine yote.

Nisiyoikubali kabisa ni ile ya kwamba zama zilikuwa hivyo, kwamba kila filamu ya wakati ule iliwaonyesha wenyeji namna hii. Mwaka 1931, mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau alitoa filamu ya Tabu, aliyoipiga Bora Bora, kisiwa cha Pasifiki, huku wenyeji wakicheza nafasi kuu. Nayo inahusu mapenzi na mwiko, lakini watu wake wanatamani, wanaogopa na kukosea, na ndiyo maana unataka kujua yatakayowapata.

Pele wa Wahawaii ni mungu wa kike mwenye hasira, wapenzi na dada aliyegombana naye, Hiʻiaka. Hapo palikuwa na hadithi tele. Kafara za watu zilikuwepo Hawaii ya kale, ila katika mahekalu ya Kū, mungu wa vita. Hadithi ya mabikira kutupwa volkanoni ni ya kubuni. Na watu hawa walikuwa na magazeti kwa lugha yao tangu 1834, na malkia, Liliʻuokalani, aliyepinduliwa 1893.

Vidor alikuwa katikati ya watu hao, akawachezesha ngoma na kuwapangia kukimbia huku na huko. Mfalme wa kisiwa, anayesimamia hukumu ya Luana, hana hata jina. Kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa Mfalme tu. Mtu asiye na jina wala sababu hawezi kutushangaza, na filamu iliyojaa watu wa namna hiyo lazima ituchoshe.