Mashaka ya dawa kwenye baiskeli: tuwabane wenye mchezo kabla ya waendeshaji

Mwaka 2024, kwenye mlima wa Plateau de Beille nchini Ufaransa, mwendesha baiskeli wa Slovenia, Tadej Pogačar, aliivunja rekodi ya kupanda mlima huo ya Mwitaliano Marco Pantani ya mwaka 1998 kwa zaidi ya dakika tatu. Anayeujua mlima wa Kitonga kule Iringa haelezwi mlima unavyotafuna mapaja, na shabiki wa Iringa au Mbeya ana haki ya kuuliza: msafi anawezaje kuwaacha hivyo watu wa miaka ya 1990, enzi ya dawa?

Swali lina mizizi. Mmarekani Lance Armstrong alishinda Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara 7 mfululizo, 1999 hadi 2005, huku akijitetea kwa vipimo vyake. Mwaka 2012 alivuliwa mataji yote, waliowahi kuwa timu moja naye wakiwa miongoni mwa mashahidi, na Januari 2013 akakiri. Hata hivyo, kasi peke yake haimtii mtu hatiani. Baiskeli, matairi na namna ya kula njiani vimebadilika mno tangu 1998.

Ugumu wenyewe uko kwenye damu, na hapo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunahusika. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, oksijeni inapungua, na figo hutoa homoni iitwayo EPO inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Homoni hiyohiyo wadanganyifu wa miaka ya 1990 waliinunua na kujidunga. Mwenye kambi mlimani na mwenye sindano wote chembe zao hupanda. Mmoja hana kosa lolote. Ndiyo sababu chama cha dunia cha baiskeli, UCI, kilianzisha pasipoti ya kibaiolojia mwaka 2008: damu ya mtu inalinganishwa na damu yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita. Ni kinga nzuri, ingawa dozi ndogondogo bado zinaweza kupenya.

Mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alimwagiwa mkojo na mtazamaji kwenye Tour ya 2015. Huo ni unyama, na hakuna shaka inayouhalalisha. Lakini mwaka 2017 kipimo chake cha Vuelta, mbio kubwa za Hispania, kilipoonyesha dawa ya pumu kupita kiwango, mashabiki walikuja kuambiwa na magazeti, miezi mitatu baadaye. Julai 2018 alifutiwa tuhuma. Kanuni ziliruhusu ukimya ule, nami naona uliharibu imani kuliko kipimo chenyewe.

Wanaotetea usiri husema damu ni jambo la faragha, na hoja hiyo naiheshimu. Basi data zisomwe na wataalamu wasiolipwa na timu wala UCI, na uamuzi utangazwe pamoja na sababu zake. Februari 2025 UCI ilipiga marufuku kuvuta mara kwa mara monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayoweza kupandisha chembe nyekundu, bila kusubiri kashfa. Kwa uharaka huohuo ingeweza kufungua na mafaili yake.