Niru inabebeshwa makosa ya jamvi

Hapa Tanga siku hizi mtu akija kuangalia nyumba ya kupanga, iwe Makorora au Mikanjuni, la kwanza anauliza kama ina vigae. Akikuta sakafu ya niru, yaani rojo la saruji lililolainishwa juu kwa mwiko, bei inashuka papo hapo, na mwenye nyumba anajitetea kwa unyonge: "Bado hatujamalizia." Neno hilo linaniuma. Niru ni umaliziaji kamili, si kituo cha kusubiria pesa.

Vigae vina haki yake. Bafuni na jikoni havina mpinzani: mafuta, sabuni, maji, vyote tambara moja linatosha. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vimevisogeza karibu. Na anayejenga ili apangishe, soko limeshamwamulia.

Ila wanaoikataa niru wana mashtaka matatu: inapasuka, inabanduka, inatoa unyevu. Yote nimeyaona kwa macho. Ukifuatilia, mara nyingi kosa liko chini yake au mkononi mwa fundi. Mchanga uliochotwa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu kila masika. Jamvi, yaani zege la sakafu lililo chini ya niru, likimwagwa bila nailoni chini hunyonya maji ya ardhini. Niru iliyopakwa siku ya pili, sakafu imeshakauka, haishikani nayo. Miezi michache tu inatoka magamba. Inatakiwa ipigwe siku ileile, sakafu ikiwa mbichi, kwa mwiko wa chuma, kisha ilowanishwe siku 7 mfululizo. Ukitandaza magunia ya katani yaliyoloweshwa, maji hayakauki upesi, na magunia ya katani tukose sisi watu wa Tanga?

Kuhusu nyufa, tazama zile sakafu za zamani zilizochorwa mistari ya miraba. Wengi hudhani ni urembo. Saruji ikikauka husinyaa, na ule mstari ndio unaoipa pa kupasukia bila mtu kuona. Leo fundi anamwaga chumba cha mita 3 kwa 4 kipande kimoja, hachori kitu, ufa ukitokea katikati tunasema niru haifai.

Vigae haviponyi hayo, vinayafunika. Pita nyumba zenye vigae ugonge kwa sarafu: hapa mlio mzito, pale mlio wa kitu kitupu. Fundi mwenye haraka huweka donge la saruji katikati na kwenye pembe, kigae kinabaki na hewa chini. Mguu wa friji ukikaa hapo, au mtu akitua kinu kwa nguvu, kimekwisha. Sasa kakitafute kingine. Chumba kile cha mita za mraba 12 kinakula vigae 34 vya sentimita 60 kwa 60, kabla ya kuhesabu vya kukatwa pembeni. Ukivunja kimoja baada ya miaka mitatu, duka limeshaleta nakshi nyingine, na hata ukibahatika nakshi ileile, rangi ya toleo jipya hupishana kidogo. Nimekaa sebule ya namna hiyo: vigae 33 vya rangi moja na kimoja cheupe zaidi, na kila mgeni macho yanakwenda palepale. Kwa hiyo anayeweka vigae anunue boksi moja la ziada alihifadhi. Kiraka cha niru nacho huonekana, sikatai, lakini saruji inatengenezwa hapa Pongwe na haipitwi na fasheni.

Niru iliyolainishwa sana huteleza ikilowa, sawa na vigae vinavyong'aa. Penye watu wanaotoka kutawadha miguu ikiwa mibichi, vyote viwili si vya kuaminiwa.

Mwenye pesa kidogo ningemwambia aweke vigae bafuni na jikoni, vyumba vingine apige niru, na tofauti ya bei iende chini: kifusi kishindiliwe vizuri, nailoni itandikwe, mchanga uwe wa mtoni. Akitaka vigae baada ya miaka mitano, fundi ataichokoa niru kwa tindo ili gundi ipate pa kushika, na atakuta jamvi kavu.