Mfuko Huo Hauozi, Unasagika

Mvua ikipiga Mwanza, Mto Mirongo huzoa kila tulichotupa na kukimwaga ziwani. Wiki iliyopita niliokota mfuko ulionasa kwenye mawe kando ya mto huo. Maandishi ya kijani yalisema unaoza. Nilipoukunja ukakatika vipande, vingine vikanigandia vidoleni kama magamba ya samaki.

Kuoza tunakujua. Ganda la ndizi likioza, vijidudu vimelila na limerudi udongoni. Plastiki ya aina hii hutiwa chumvi za madini kama kobalti na manganizi ili jua na hewa viikatekate upesi. Inakatika kweli, ila kila chembe inabaki plastiki ileile. Mfuko wa rambo mzima utauopoa hata kwa fimbo. Chembe utaziopoa na nini? Ndiyo maana nasema, kwa maji yetu, huu ni mbaya kuliko rambo. Umoja wa Ulaya umeshapiga marufuku bidhaa za plastiki hiyo tangu Julai 2021.

Na usipopata jua, haukatiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliacha baharini mfuko ulioandikwa kwamba unaoza, na mwingine wa aina hiyo wakaufukia ardhini. Baada ya miaka 3, bado iliweza kubeba manunuzi ya dukani. Hata plastiki inayotengenezwa kwa mahindi, inayosifiwa sana, huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Joto hilo Ziwa Victoria halina.

Utafiti uliochapishwa 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa hapahapa Mwanza. Katika kila aina, mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Sangara tunamtoa utumbo. Dagaa je? Dagaa tunamla mzima, na ndiye anayetiwa kwenye uji wa watoto wetu.

Nilishangilia Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini. Sitaki irudi kwa mlango wa uani kwa sababu ya neno moja. Anayeandika "unaoza" alazimishwe kuandika pia unaoza wapi, kwa siku ngapi, na unabakiza nini. Asipoweza kuthibitisha kwamba unaoza ndani ya maji ya ziwa, neno hilo lifutwe kabla mfuko haujatoka kiwandani.