Nyota moja tu, munamwita jenerali?

Jamani watu wa Wete, hili nalo mulitazame. Kijana karudi kutoka chuo cha maofisa wa jeshi Monduli na nyota yake moja begani, basi mtaa mzima "kamanda", "meja", na juzi arusini nimesikia "jenerali", tena kwenye spika! Yule ni luteni usu. Ndiyo ngazi ya chini kabisa ya ofisa wa jeshi. Nyota ya pili ikija ni luteni, ya tatu kapteni, na umeja bado uko mbele huko.

Kazi yake ni kuongoza platuni, askari 30 hivi, na mara nyingi pembeni ana sajenti aliyelijua jeshi kabla yeye hajamaliza skuli. Si cheo cha kudharau. Kamisheni yenyewe, yaani huo uofisa, hutunukiwa na Rais, Amiri Jeshi Mkuu. Sasa kwa nini mumpachike cha watu? Mwenyewe kainamisha kichwa kwa haya, mjomba wake ndiyo kwanza anampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

Na wewe unayemwita kapteni hata koplo wa V mbili, ambaye si ofisa kabisa, wewe nakuachia Mungu.