Malipo ya Nyumba za Tozo Yarudi Wapi?

Kila mwaka wapangaji wa jengo letu hapa Copenhagen huitwa mkutanoni kupitisha bajeti, na kila nyumba, iwe ya chumba kimoja au vinne, ina kura mbili. Karatasi tunayogawiwa huonyesha kodi yetu ya pango inakokwenda: bima, ukarabati, usafi wa ngazi, na fungu la Landsbyggefonden, hazina ya nyumba za jamii iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Kila nikiliona fungu hilo, huwaza tozo ya nyumba kwetu Kenya, makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu.

Jengo la nyumba za jamii kama letu hujengwa zaidi kwa mkopo wa rehani, manispaa ikitoa mtaji wa msingi, nao wapangaji wakichangia asilimia 2 ya gharama. Kodi hukadiriwa kulingana na matumizi, bila faida ya mwenye nyumba. Mkopo unapomalizika baada ya miongo kadhaa, kodi haishuki: kile alichokuwa akipewa mkopeshaji huingia katika hazina za pamoja, ambazo hukarabati majengo yaliyochakaa na kusaidia ujenzi wa mengine. Ni utaratibu wa chama cha akina mama mtaani, ambapo aliyekwisha kupokea haachi kuchanga, kwa kuwa wa nyuma yake bado anangoja. Hivi ndivyo takriban nyumba moja kati ya tano Denmark imebaki mali ya jamii.

Kwetu, sheria ya mwaka wa 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Siipingi tozo hiyo, kwa maana familia inayolala katika chumba cha mabati Mukuru, Nairobi, ikichangia choo na majirani wengi, haiwezi kusubiri soko liihurumie. Kinachonisumbua ni kwamba tunabishana kuhusu idadi ya ghorofa na nani atakabidhiwa funguo, huku tukisahau kuuliza malipo ya kila mwezi ya aliyekabidhiwa yanarudi wapi. Tena nyumba zetu zinauzwa. Mnunuzi akimaliza kulipa, uhusiano wake na hazina umekwisha, na mwenye kungoja atategemea mshahara wa mfanyakazi mwingine ukatwe upya.

Hata Denmark hazina hii haijasalimika mikononi mwa wanasiasa. Sheria ya mwaka wa 2018 ililazimisha baadhi ya mitaa yenye wahamiaji wengi kupunguza nyumba za familia za jamii hadi zisizidi asilimia 40 ya nyumba zote za mtaa kufikia mwaka wa 2030, na fedha zilizotokana na kodi za wapangaji zikatumika kulipia ubomoaji. Jambo hilo liliniuma sana.

Kwa hiyo naliomba Bunge letu mambo mawili: sehemu ya nyumba za tozo zisiuzwe kamwe bali zipangishwe kwa kodi nafuu, na malipo yote, ya mnunuzi na ya mpangaji, yarudi kujenga nyumba nyingine, hesabu zake zikichapishwa mtaa kwa mtaa kila mwaka.