Ngoma za Wakanda si pambo
Kuna wanaosema eti ngoma za Kiafrika kwenye muziki wa filamu ya Black Panther, ile ya nchi ya kubuni ya Wakanda, zimenyunyiziwa tu juu ya okestra ya Hollywood, hapo mimi nakataa kabisa. Mtunzi wa muziki huo, Ludwig Göransson, alienda mpaka Senegal akazunguka na mwimbaji wa huko Baaba Maal kwenye ziara, na ile tama, kangoma ka kubana kwapani kanakopanda na kushuka sauti, ndo inamtambulisha T'Challa, mfalme wa Wakanda, halafu adui yake Killmonger kapewa filimbi ya Wafulani, mpigaji anapuliza huku anapiga kelele humohumo, chini yake midundo ya hiphop, yani hata ukifumba macho unajua nani kaingia. Ukitoa hivyo vyombo fidla na tarumbeta zinabaki na nini cha kusema? Oscar ya 2019 ya muziki wa filamu Göransson aliistahili kabisa. Nyie wenzangu mlisikiaje?