Nanosilika ni poa, lakini Kitengela hakugandi barafu

Siku hizi nasoma sana hizi tafiti za kuimarisha udongo wa mfinyanzi kwa nanosilika, yaani chembe ndogo mno za silika, ile madini ya mchanga, na kusema ukweli akili yake naipenda. Kwa wenzetu wa nchi za baridi adui ni barafu, maji yaliyo ndani ya udongo yakiganda yanavimba kama asilimia 9, tena sehemu iliyoganda inaendelea kuvuta maji kutoka chini mpaka barafu inajipanga matabaka na barabara inainuka, halafu joto likirudi yote yanayeyuka inabaki tope. Sasa wanachanganya chokaa au simiti na chembe za silika zisizozidi nanomita 100, hizo zinashikana na chokaa zinatoa gundi ileile inayofanya zege iwe ngumu, vitundu vinazibika, maji yanakosa njia.

Lakini Nairobi hata ile Julai ya majaketi mawili udongo haugandi, ukitaka kuona ulioganda panda Mlima Kenya alfajiri.

Sisi shida yetu ni black cotton, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Watu wa Kitengela, Syokimau na Embakasi mnaijua: masika unavimba unanata kwa gambuti mpaka mguu unakuwa mzito, Februari unapasuka unatumbukiza rula nzima ya shule haigusi chini, na nyumba iko hapo juu inapandishwa na kushushwa kila mwaka, ndio maana mlango wa bafu unakataa kufunga Aprili halafu Septemba unafunga fresh.

Kwa hivyo kule na huku mchezo ni wa maji kuingia na kutoka, ila vipimo vyao vya kugandisha na kuyeyusha udongo havinisaidii mimi. Mtu akiniletea nano kwa mtungi nitamuuliza, umeloweka na kukausha udongo wa huku mara kadhaa ukapima? Tena hizo chembe hupenda kushikana madonge, kwa maabara kuna mashine ya kuzitawanya, kwa saiti kuna fundi, jembe na wilbaro.

Chokaa peke yake inapunguza sana huo uvimbe na inajulikana miaka mingi, na wengi wetu bado tunachimba tu tunatoa ule mweusi tunajaza maramu. Pesa ya nano kama ipo mimi ningeanza na gata, nipeleke maji ya paa mbali na ukuta, nikate mkalitusi ulio karibu na msingi maana unanyonya vibaya. Wa jirani nao, mtaongea.